Kruzi ya bahari kutoka Lubumbashi: mwongozo kamili, tangu paspo mpaka kushuka ku bandari

Kila mwaka musimu wa meli za matembezi ukifunguka ku Durban, Afrika Kusini, message zenye ninapokea ni zile zile: "Yaya, tulilipa kabini, tulilipa ndege, tumefika huku wanatukatalia kupanda." Ukiuliza maswali mawili matatu unakuta ni viza ya kuingia mara moja tu, ama jina la bileti halifanane na la paspo, ama mutu alilipa bei ya afishi akafikiri imeisha pale. Meli haingojei mutu, na franga hazirudi zote.

Kosa lenyewe karibu siku zote liko ku mupangilio. Watu wanalipa meli yote kwanza, kisha wanaanza kutafuta viza. Hapa tunageuza: viza itoke mbele ya siku ya malipo ya mwisho. Hatua zote za chini zinatumikia ile sentensi.

Nafuata njia ya Durban juu njo ya karibu na sisi watu wa L'shi (Lubumbashi). Ndege inaenda moja kwa moja mpaka Johannesburg, na meli za kampuni ya MSC zinafanya musimu wa kule kuanzia Novemba mpaka Machi hivi, safari fupi za usiku tatu ama ine kwenda visiwa na pwani ya Msumbiji na kurudi. Wenye kutaka meli za Mediterane, kule Ulaya, na ndugu wa Goma na Bukavu, sehemu yenu iko kule chini.

## Vitu vya kuwa navyo mbele ya kuanza

- Paspo yenye kubaki na miezi 6 kuhesabu tangu siku ya KURUDI, na kurasa mbili nyeupe
- Karte ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano
- Karatasi za banki za miezi mitatu zenye kuonyesha mwendo wa konti
- Atestasyo ya kazi, ama RCCM (karatasi ya kuandikishwa kwa biashara) kama unafanya biashara yako
- Kama kuko watoto: akti ya kuzaliwa ya kila mumoja, na barua ya muzazi mwenye kubaki, yenye kupita kwa notari
- Karte ya banki ya Visa ama Mastercard yenye jina lako
- Email yenye unafungua kweli, hapana ile ya mutoto wa jirani aliyekufungulia Facebook
- Kalenda na bika

Juu ya karte ya njano. Kongo iko ku liste ya inchi zenye ugonjwa ule, kwa hiyo Afrika Kusini wanaidai kwa kila mutu mwenye kutoka kwetu. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kudungwa, ukidungwa Jumatatu hauwezi kusafiri Ijumaa, na ile karte ya kununua ku mulango wa uwanja bila sindano iko na tarehe, watu wa kule wanajua kusoma tarehe. Tena, tangu Julai 2016 chanjo moja inafanya maisha yote. Mutu akikuambia yako imeisha juu imepita myaka kumi, anakutafutia franga.

## Hatua 1: Andika tarehe mbili ku karatasi

Chagua safari ku saiti ya kampuni lakini usilipe. Andika tarehe ya kwanza, siku meli inatoka. Kisha tafuta mu masharti siku ya malipo ya mwisho. Kampuni nyingi wanadai franga yote kati ya siku 60 na 90 mbele ya safari, inategemea kampuni na namna ya bei.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Ile tarehe ya pili, ya malipo, njo siku viza inapaswa kuwa tayari mu mukono. Viza yenyewe uiachie nafasi kubwa, miezi miwili mpaka mitatu, juu karatasi inaweza kurudishwa, randevu inaweza kukosa, ofisa anaweza kuomba document ingine. Ukijumlisha unakuta unapaswa kuanza miezi 6 mbele. Mutu wa kuniambia Novemba "nataka kupanda Desemba na bibi na watoto" ninamujibu apange ya Machi.

Kwa nini ni lazima? Mbele ya siku ya malipo ya mwisho, ukikosa viza unapoteza akonti tu, ile franga ya kwanza ya kushika nafasi. Nyuma yake, adhabu ya kufuta inapanda kila wiki, na siku za mwisho mwisho inafika bei yote.

Utajua iko sawa: uko na tarehe mbili ku karatasi, na kati ya leo na ile ya malipo kuko miezi ya kutosha. Kama haitoshi, chagua safari ingine. Usianze kusema "Mungu atafanya".

## Hatua 2: Soma bei yote, si ya afishi

Afishi inasema, tuseme, dola 300. Ile ni ya mutu MUMOJA, kama muko wawili mu kabini. Wawili ni 600. Ukienda peke yako, mara nyingi wanakulipisha kitanda cha pili pia, ama sehemu kubwa yake, kwa hiyo peke yako unaweza kulipa karibu sawa na wawili. Watu wengi wanakasirika hapa, lakini imeandikwa, ni vile imeandikwa kidogo kidogo chini.

Juu ya ile bei, uliza kwa maandishi kama hizi ziko ndani ama inje:

- kodi za bandari
- frè za huduma za kila siku (ni zile za wafanyakazi wa meli, zinahesabiwa kwa mutu kwa usiku, watoto pia mara nyingi wanalipa kidogo)
- asiransi
- vinywaji
- intaneti
- matembezi ya ku inchi kavu

Chakula cha bufe na cha mgahawa mukubwa kiko ndani. Migahawa ya pekee inalipiwa. Bukari hakuna, ujue mapema. Vinywaji njo shimo lenyewe: soda moja, bia moja, kila kitu kinaandikwa ku konti ya kabini na wewe unasinya tu. Kuko forfè ya vinywaji, lakini kampuni nyingi wanadai watu wazima wote wa kabini moja waichukue pamoja. Kama bibi anakunywa maji na chai tu, fanya hesabu mbele ya kusema ndiyo.

Kisha weka ku ile karatasi vitu vyenye ajansi hatakuambia: ndege L'shi–Johannesburg–Durban na kurudi, Go-Pass (kodi ya uwanja wa ndege) ya Luano, uwanja wa L'shi, hoteli ya usiku mumoja ku Durban (hatua ya 6), viza ya kila mutu, taksi. Kwa watu wengi wa hapa kwetu meli yenyewe haiko hata nusu ya ile jumla.

Utajua iko sawa: uko na namba moja tu chini ya karatasi, ya familia nzima, na haikuogopeshe.

## Hatua 3: Chagua kabini kwa akili

Kabini za ndani hazina dirisha, ni za bei ndogo. Kisha ziko zenye dirisha, kisha zenye balkoni, kisha switi. Kwa usiku tatu mimi ninashauri ya ndani bila haya yoyote, utalala mule tu, na kile kingine kiweke ku vinywaji.

Sehemu njo ya maana kupita aina. Meli inacheza zaidi mbele, nyuma na juu. Katikati, ku etaji za chini, inacheza kidogo. Kama tumbo lako linasumbuka hata mu bisi ya Likasi, chukua katikati chini. Angalia plani ya meli ku saiti: juu ya kabini yako kuko nini? Kama ni disko ama jiko, utasikia viti vikivutwa mpaka usiku mukubwa. Nzuri ni kabini yenye kuwa na kabini juu na kabini chini.

Kuko pia "kabini ya garanti". Bei iko chini, lakini kampuni njo wanachagua numero, wewe hauna sauti. Kwa vijana sawa. Kwa mama wa myaka sabini mwenye magoti ya kuuma, lipa kidogo zaidi uchague yenye kuwa karibu na lifti.

Mwenye mimba: kampuni nyingi hawakubali mama mwenye kufika wiki ya 24 mbele safari haijaisha, na watoto wa chini ya miezi 6 hawapandi. Hesabu wiki kwa siku ya kurudi.

## Hatua 4: Rezerve kwa akonti, na jina sawa na la paspo

Sasa njo tunagusa franga, na ni akonti tu. Viza inadai kuona safari, na wewe hautaki kulipa safari mbele ya viza, akonti njo njia ya katikati. Uliza ajansi maswali haya kwa maandishi, WhatsApp inatosha: akonti ni ngapi, inarudi ama hairudi nikikosa viza, siku ya malipo ya mwisho ni gani, nikifuta ninapoteza ngapi ku kila tarehe. Bei za promosyo mara nyingi hazirudishi kitu. Kwa paspo yetu, bei ya juu kidogo yenye kurudisha ni nzuri kupita promosyo.

Jina sasa. Sisi tuko na jina, postinome na prenome, na saiti za wazungu ziko na nafasi mbili tu, ya ukoo na ya kupewa. Mumoja anaacha postinome, mwingine anageuza. Usibahatishe. Fungua paspo ku ukurasa wa picha, angalia ile mistari miwili ya chini yenye vialama vya <<<. Mustari wa kwanza, baada ya herufi COD, unaona kitu kama hiki:

KABWE<ILUNGA<<MARIE

Vyote vyenye kuwa mbele ya << mbili vinaenda ku nafasi ya jina la ukoo (KABWE ILUNGA). Vyenye kuwa nyuma vinaenda ku jina la kupewa (MARIE). Andika vile vile ku meli, ku ndege, ku viza, ku asiransi. Hata kama bibi anajulikana kanisani kwa jina la bwana wake, ile haiko ku paspo, haiingie.

Angalisho juu ya wezi: kuko watu ku WhatsApp wenye picha nzuri za meli na numero ya mobile money. Jaribio ni rahisi. Ukitoa akonti, lazima upewe numero ya rezervasyo ya kampuni YENYEWE ya meli, si ya ajansi. Ingia ku saiti ya kampuni, sehemu ya check-in, weka ile numero na jina lako. Kama safari inatokea na majina yenu, uko na kabini. Kama haitokee, "sistemu iko chini", "ngoja kesho", hauna kabini, anza kudai franga yako siku ile ile.

Utajua iko sawa: umeiona rezervasyo kwa macho yako ku saiti ya kampuni, majina yote herufi kwa herufi.

## Hatua 5: Viza, na omba kuingia mara NYINGI

Hapa njo watu wanaanguka, soma pole pole.

Meli ikitoka Durban kwenda Msumbiji, wewe umetoka Afrika Kusini. Ikirudi, unaingia tena. Ile ni kuingia mara mbili: ya kwanza ku uwanja wa Johannesburg, ya pili ku bandari ya Durban. Ukiwa na viza ya mara moja umeshaitumia yote Johannesburg, na kampuni hawatakubali kubeba mutu mwenye hataweza kushuka ku mwisho, juu adhabu inawaangukia wao. Wanakuzuia mbele ya kupanda, na kwao hawana kosa.

Ofisa wa viza hatakisia. Wewe njo wa kumuambia. Weka ku dosie:

1. barua fupi ya kuomba viza ya kuingia mara nyingi, na sababu yake kwa sentensi moja: natoka na meli tarehe fulani, narudi Durban tarehe fulani
2. programu ya meli yenye tarehe na bandari, ile ya kampuni, yenye majina yenu
3. rezervasyo ya ndege ya kwenda na kurudi (rezervasyo, usinunue bado)
4. hoteli ya Durban
5. karatasi za banki, za kazi, na karte ya njano

Afrika Kusini iko na konsula hapa Lubumbashi, kwa hiyo hauna lazima ya kupanda ndege ya Kinshasa juu ya ile, lakini uliza kwanza wapi dosie inawekwa na randevu inachukuliwa namna gani, usifuate mutu wa ku mulango mwenye kusema anajua ofisa.

Konti ya banki: usiweke dola elfu tano usiku mumoja mbele ya kutoa karatasi. Inaonekana. Konti yenye mwendo mudogo lakini wa kila mwezi inasema ukweli kupita.

Msumbiji nayo ni inchi. Uliza kampuni ya meli, kwa maandishi, wenye paspo ya Kongo wanadaiwa nini kwa kushuka kule kwa ile safari yenu, na ichape jibu uende nalo. Usikubali jibu la "haina shida, muko na meli". Jibu lile la mudomo halina mutu wa kulishika siku ya bandari.

Watoto: Afrika Kusini wako makali juu ya watoto wenye kusafiri na muzazi mumoja, na DGM, uhamiaji wa kwetu, pia wanauliza. Akti ya kuzaliwa na barua ya muzazi mwingine, zenye muhuri, orijinali, mu mukono, si mu valizi.

Utajua iko sawa: viza imebandikwa, fungua na usome wewe mwenyewe. Tafuta sehemu ya idadi ya kuingia, iseme mara nyingi, na tarehe zipite siku ya meli kurudi. Jina lisomeke vizuri. Kosa likiwa pale, rudi ku gisheti mbele haujatoka inje.

## Hatua 6: Lipa iliyobaki, kisha ndege

Viza iko? Lipa meli yote mbele ya tarehe, chukua risiti yenye kuonyesha deni ni sifuri. Kisha njo unanunua ndege.

Fika Durban siku MOJA mbele. Hakuna majadiliano. Ndege ya L'shi ikichelewa, connection ya Johannesburg ikikupita, valizi ikibaki, uko na usiku mumoja wa kurekebisha. Ukifika siku ile ile, uchelewe ule wa masaa matatu njo umekula safari nzima, na meli hairudishi kitu juu kosa halikuwa lao. Uwanja wa King Shaka uko kaskazini ya muji, kama kilometa 35, weka saa moja ya barabara.

Ku kurudi, meli inafika bandarini asubuhi mapema lakini watu wanashuka kwa makundi. Chukua ndege ya Durban ya nyuma ya 13h.

Asiransi ununue siku hizi, na iwe na matibabu ku bahari na kusafirishwa mugonjwa. Daktari wa meli iko, analipisha kila kitu.

Karte ya banki: ku meli hakuna mutu anashika franga. Unaunganisha karte na konti ya kabini, ama unaweka akiba ya cash ku gisheti. Karte za prepeyi za banki za kwetu wakati mwingine zinagoma juu kampuni wanafunga kiasi fulani mbele. Jaribu kwanza hapa, weka franga kupita unayofikiri, na beba dola za cash, noti safi zisizopasuka.

## Hatua 7: Check-in ya intaneti na valizi

Check-in inafunguka wiki kadhaa mbele. Ingiza paspo, karte, picha, chagua saa ya kufika bandarini, kisha CHAPA karatasi ya kupandia na tikiti za valizi. Chapa hapa L'shi. Durban Jumapili asubuhi kutafuta fotokopi ni kazi.

Valizi inachukuliwa ku mulango wa bandari na itafika ku kabini yako nyuma ya masaa mingi, pengine usiku. Kwa hiyo mu mukoba wa mukono weka paspo, dawa, karte ya njano, karatasi za watoto, telefone na nguo ya kuogelea. Watoto wataona pisini dakika ya kwanza na nguo zitakuwa mu valizi, utalia.

Vyenye watakamata: pasi, birika ya umeme, resho, mishumaa, visu, pombe ya kuficha. Ba mama wenye liputa za kupiga pasi, kuko pressing ku meli, ya kulipa, ama zikunje vizuri muzitundike mu bafu wakati wa maji ya moto. Fumbwa na samaki ya kukausha viache nyumbani, forodha ya Afrika Kusini watavitupa mbele yenu, inauma.

Dawa ya kichefuchefu nunua hapa na umeze MBELE ya meli kutoka. Tumbo likishaanza kugeuka, kidonge hakikai. Tangawizi inasaidia kidogo, haitoshi kwa bahari ya Durban siku ya upepo.

## Hatua 8: Siku ya kupanda

Fika saa uliyochagua, si masaa ine mbele, utasimama mu jua tu. Ku Nelson Mandela Cruise Terminal unapita usalama, gisheti ya meli, kisha uhamiaji wanapiga muhuri wa kutoka. Unapewa karte ya meli: njo funguo ya kabini, njo franga, njo kitambulisho. Usiipoteze.

Kisha fanya zoezi la usalama. Sheria ya kimataifa inadai lifanyike mbele ya meli kutoka ama mara moja inapotoka, na lengo lake ni wewe ujue kituo chako na namna ya kuvaa jile ya kuokoa. Sauti ya hatari ni mupigo mufupi saba na mumoja murefu. Usijifiche mu kabini, wanaita majina.

Telefone: iweke ku mode ya ndege kabla meli haijaacha bandari. Meli ziko na rezo yao ya satelaiti, telefone yako ikiishika yenyewe, roaming inakula unite kwa dakika chache tu, na mwenye abonema atapokea fakitire nyumbani. Ukitaka WhatsApp, nunua Wi-Fi ya meli, na uinunue mbele ya safari, mara nyingi iko chini.

Utajua iko sawa: muhuri wa kutoka uko ku paspo, karte ya meli iko shingoni, zoezi limeandikwa limefanyika.

## Hatua 9: Ku bahari na ku vituo

Ku Portuguese Island na Pomene, vituo vya Msumbiji, hakuna bandari ya meli kubwa. Meli inasimama mbali, munashuka na viboti vidogo. Upepo ukipanda, kapiteni anafuta kushuka, na Novemba mpaka Aprili njo musimu wa vimbunga huku Bahari ya Hindi. Mukataba unamupa ile haki, mara nyingi unarudishiwa kodi ya bandari tu. Nasema mapema juu kila mwaka kuko mutu wa kupigana ku gisheti na kijana wa meli asiye na neno la kusema.

Saa ya kurudi ku boti ya mwisho imeandikwa ku programu ya siku, ipige picha. L'shi, Durban na Msumbiji ziko na saa ile ile, hauna cha kugeuza. Meli ikikuacha kisiwani, kurudi ni juu yako.

## Kwa wa Goma na Bukavu

Tangu mwanzo wa 2025 ndege za abiria zilisimama ku uwanja wa Goma, watu wanavuka barriere kwenda Kigali, na wa Bukavu wanapitia mupaka wa Ruzizi mpaka uwanja wa Kamembe, Rwanda, ama wanafuata barabara. Kutoka Kigali kuko ndege ya Johannesburg. Weka siku MBILI mbele ya meli, hapana moja, juu mupaka unaweza kufungwa mapema. Na viza, uliza kwanza kama ubalozi wa Afrika Kusini wa Kigali watapokea mutu asiyekaa Rwanda, mbele ya kulipa hata akonti.

## Kwa wa Mediterane

Kanuni ni ile ile, makaratasi njo mazito zaidi. Viza ya Schengen (viza moja ya inchi nyingi za Ulaya) inaombwa mapema kabisa miezi 6 mbele, na chini kabisa siku 15, ni euro 90 kwa mutu muzima, na asiransi ya matibabu ya euro 30,000 ni lazima. Inaombwa kwa inchi yenye utakaa zaidi. Kama siku ni sawa, ile ya kuingia kwanza.

Programu ikisimama Tunis ama Uturuki, umetoka Schengen, omba kuingia mara nyingi vile vile. Na wenye kupanda meli mahali pengine lakini ndege inafanya eskali Brussels ama Paris: paspo ya Kongo inadaiwa viza ya tranziti hata usitoke mu uwanja, isipokuwa uko na viza ama karte ya kukaa ya inchi fulani fulani. Watu wanazuiwa ku Luano yenyewe juu ya ile.

## Hatua 10: Kushuka

Usiku wa mwisho, konti ya kabini isome ku televizyo ama ku telefone. Bia yenye haukukunywa, forfè yenye haukuomba, ipinge usiku ule, asubuhi kuna musururu. Valizi unaweka inje ya mulango na tikiti ya rangi yako, ukibakiza nguo ya kesho na paspo. (Kila safari kuko baba mwenye kushuka na pijama.)

Ku bandari, angalia ofisa anapiga muhuri wa KUINGIA ku paspo yako, na usome siku ngapi amekupa. Bila ule muhuri, ku Johannesburg sistemu inaonyesha ulitoka na haukurudi, na wewe umesimama pale mbele yao. Ukikosa, rudi ku meza yake saa ile ile, mbele haujavuka mulango wa taksi.